Koti la Mzee Stefan

Wahenga hawakuwa watu wa kupoteza maneno. Waliposema kikulacho ki nguoni mwako, walimaanisha kwamba kinachokumaliza hakiji kutoka ng'ambo kikipiga baragumu. Kipo karibu, umekikumbatia, na pengine umekifunga vifungo mwenyewe kwa mikono yako. Watu wengi huitumia methali hii kumsema rafiki mnafiki au shemeji mwenye ulimi mrefu. Vern Hudak hakuwa na rafiki mnafiki. Alikuwa na koti.

Lilikuwa koti la sufu, zito kama ng'ombe aliyelowa, lenye miraba myekundu na myeusi. Lilikuwa la marehemu baba yake, Mzee Stefan, aliyeangusha kulungu wake kila mwaka katika milima ile ya magharibi ya Pennsylvania mpaka magoti yalipomkatalia. Mzee alipofariki, ndugu wengine waligawana bunduki na vyombo. Vern alichukua koti. Kwa miaka kumi na tisa alilivaa kila msimu wa uwindaji, na kwa miaka hiyo yote mvua ililipata, damu ya kulungu ililipata, supu ya kabichi ililipata. Sabuni haikulipata hata siku moja.

Msidhani ni uchafu. Kulungu wa milima ile ana pua ya mpelelezi, na harufu ya sabuni akiipata leo, utamwona mwakani. Ndiyo maana wawindaji wa huko, msimu unapokaribia, huzitia nguo zao kwenye mfuko pamoja na takataka za msituni ili zinuke kama mlima wenyewe. Kila mtu ana mchanganyiko wake na anauficha kama bibi afichavyo siri ya mapishi yake. Kuna wa majani makavu, kuna wa udongo, na kuna jirani mmoja aliyeweka mkojo wa kulungu akalala kwenye gari siku tatu kwa amri ya mkewe.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba, Vern alipanda kilima nyuma ya nyumba yake akiwa na msumeno begani, amelivaa koti. Majani yalikwisha kuanguka yote na baridi ilikuwa inauma masikio. Alitaka kufunga dungu lake jipya juu ya mwaloni mkubwa uliotazama njia ya kulungu. Lakini shina la mwaloni ule lilikuwa limekumbatiwa na mtambaazi mnene kama kifundo cha mkono, usio na jani hata moja, wenye vinyweleo vyekundu-vyeusi mwili mzima kama ndevu za beberu. Vern aliukata chini, akaushika kwa mikono mitupu, akauvuta huku ameuegemeza kifuani, akaubandua kutoka chini hadi juu kama mtu anayemvua mwenzake soksi. Ulipoanguka, aliunusa. Ulinuka ubichi, ulinuka mwaloni.

"Huu hapa mchanganyiko wa mwaka huu," alijiambia.

Alikatakata vipande vya gome lile lenye manyoya, akachanganya na majani ya mwaloni na sindano za msonobari, akavitia vyote kwenye mfuko mkubwa wa plastiki. Juu yake akalaza koti na kofia, akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba, akauweka gerejini. Akaenda kula, ameridhika kama paka aliyeiba samaki bila kuonekana.

Sasa, katika milima hiyo, mtoto hufundishwa jambo moja kabla hajajua kuhesabu vidole vyake: majani matatu, yaache yapite. Hayo ni majani, matatu kila kikonyo, ya mmea ambao tutauita mtambaa-sumu. Ni binamu wa tabia wa upupu, ila upupu una uungwana kidogo, maana ukiugusa unakwambia papo hapo. Mtambaa-sumu hukupaka mafuta yake usiyoyaona, ukaenda zako, ukala, ukalala, ukasahau ulikopita. Siku ya pili au ya tatu ndipo ngozi inapowaka moto na kuota malengelenge. Vern aliijua kanuni ya majani matatu vizuri sana. Ndiyo maana hakuwa na wasiwasi. Kilimani hapakuwa na majani matatu. Hapakuwa na majani kabisa.

Jumanne, akiwa chini ya basi la shule, maana kazi yake ilikuwa ufundi wa mabasi ya shule, alianza kujikuna kifundo cha mkono. Kufika jioni alikuwa anajikuna vyote viwili, na shingo, na paji la uso.

"Bernadine!" alimwita mkewe. "Umebadilisha sabuni?"

"Ipi?"

"Ya kufulia! Naungua mie."

"Nimebadilisha, ilikuwa imeshushwa bei. Lakini hata nguo zangu nimezifulia hiyohiyo. Mbona mimi siungui?"

"Wewe una ngozi ngumu."

"Asante, mpenzi. Miaka thelathini na minane naingoja sifa hiyo."

Bernadine alikuwa fundi wa kushona. Magauni ya harusi ya bonde zima yalipita mikononi mwake, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Hata hivyo aliitupa ile sabuni, akafua upya kila shati na kila shuka. Vern alijipaka dawa ya maji ya kutuliza mwasho, ya rangi ya waridi, mpaka akaonekana kama keki. Jumamosi, vipele vikiwa vimeanza kukauka, alilitoa koti mfukoni, akalinusa kwa furaha, akalivaa, akaenda kukaa kwenye dungu lake kutazama njia.

Jumatatu moto ukawaka upya.

Hapo ndipo mtu wa watu alipoanza kuchanganyikiwa. Sabuni imetupwa, nani sasa? Alimtazama mbwa wao, mnene mfupi mwenye masikio ya kuburura, aitwaye Kluski. Mbwa alikuwa anajikuna sikio. Mbwa wote hujikuna masikio, lakini kwa mtu anayetafuta mshitakiwa, huo ni ushahidi. Kluski alioshwa. Kesho yake akaoshwa tena. Siku ya tatu alipomwona Vern na ndoo alijificha chini ya kochi, na haikuwezekana kumtoa mpaka kwa soseji.

"Si mbwa," alisema Chet Blatnik, jirani yake, mstaafu wa posta ambaye aliwahi kupeleka barua za bonde lote na kusoma kadi zote zisizokuwa na bahasha. Alikuwa ameegemea mlango wa gereji, kikombe cha kahawa mkononi, akimtazama rafiki yake kwa upole wa mtu ambaye hana vipele. "Vern, ndugu yangu, nisikudanganye. Uso wako umekuwa kama pai ya cheri iliyodondoshwa."

"Unadhani ni nini?"

"Uzee."

"Uzee hauna malengelenge, Chet!"

"Wa kwako umeamua kuwa nayo."

Alikwenda kliniki. Daktari, binti mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi, alimgeuza huku na huku, akauliza swali moja tu la maana: "Umegusa mtambaa-sumu?"

Vern alicheka. "Daktari, ni Novemba. Majani yako wapi?"

"Kwa hiyo hujaugusa?"

"Naujua tangu niko hivi," alisema, akionyesha urefu wa meza. "Sijaugusa."

Daktari aliandika jambo kwenye kompyuta. Vern alinyoosha shingo akasoma: chanzo hakijulikani. Maneno hayo yalimwasha kuliko vipele. Fundi mzima, mtu wa kulisikiliza basi likikohoa akataja kipuri kilichokufa, na mwili wake mwenyewe umeandikwa chanzo hakijulikani!

Alipewa vidonge vya siku nyingi. Wiki hiyo mabasi mawili yaliharibika, hakupata nafasi ya kwenda kilimani, na ngozi ikatulia. Akasifu vidonge. Na ilikuwa vizuri, kwa sababu Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, ilikuwa imefika, na pamoja nayo binti yao wa pekee, Marlena, pamoja na mumewe na mtoto wa wiki saba.

Huyo mtoto ndiye kiini cha mambo yote, kwa hiyo tumtazame vizuri. Alikuwa mjukuu wa kwanza. Jina lake lilikuwa Stefan. Katika ukoo wa Hudak, siku ya ubatizo, babu wa ukoo huo ndiye humbeba mtoto kutoka mlango wa kanisa mpaka kwenye maji. Mzee Stefan, amevaa suti yake pekee, ndiye aliyembeba Marlena. Tangu siku ile Vern alipojua kwamba binti yake ana mimba, alikuwa anafanya mazoezi ya kutembea hatua zile kichwani mwake.

Asubuhi ya sikukuu, bata mzinga akiwa ovenini, Vern alivaa koti akapanda kilimani kukagua kamba za dungu. Aliporudi, gari la Marlena lilikuwa limeshafika. Aliingia jikoni mikono imetandazwa.

"Wewe!" Bernadine alimzuia kwa mwiko. "Rudi gerejini ukalivue hilo zulia. Unanuka kama zizi."

"Ni harufu ya baba yangu hii."

"Baba yako namheshimu. Akanuke gerejini."

Alilivua kwa manung'uniko, akaoga, akavaa shati safi, ndipo akapewa mjukuu. Alimshika dakika kumi. Mtoto alimkunjia uso, akapiga chafya, akalala. Kwa Vern ilikuwa kama kupewa medali.

Jumamosi, siku ya kwanza ya msimu wa uwindaji, uso wake ulivimba tena.

Marlena alikuwa bado hajaondoka. Alimtazama baba yake mlangoni, akamwinua mtoto begani, akarudi nyuma hatua mbili. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Baba, samahani. Sijui hicho ni kitu gani. Na wewe hujui. Hata daktari hajui."

"Nilikuwa nimepona, mwanangu!"

"Ulikuwa umepona, sasa unaumwa tena. Kama ni ya kuambukiza? Ngozi yake nyembamba kama karatasi. Ubatizo ni Jumapili ya wiki ijayo. Kama haijaisha, na kama hatujui ni nini, baba yake Tyler atambeba."

Tyler alikuwa mumewe, kijana mpole. Baba yake aliitwa Duane. Duane hakuwa na kosa lolote duniani isipokuwa moja: alikuwa mtu wa Cleveland, mji wa jimbo jirani, shabiki wa timu ya Cleveland, hasimu wa timu ya kina Vern, na alikuja harusini na soksi za rangi ya timu hiyo. Mtu wa upande huu wa mpaka anaweza kusamehe mengi. Lakini mjukuu anayeitwa Stefan kubebwa na soksi zile?

"Duane," alisema Vern, kama mtu anayetaja jina la ugonjwa.

"Duane ni mtu mzuri, baba."

"Sijasema ni mbaya. Nimesema Duane."

Wiki iliyofuata aliipitisha kama mtu anayetafuta miwani akiwa ameivaa. Aliacha kahawa. Aliacha kabichi ya kuchachua, akairudia kwa sababu kuishi bila hiyo ilikuwa adhabu ya pili. Alibadilisha mafuta ya basi, glavu za kazini, wembe. Alilala sebuleni kupima kitanda, kisha akalala kitandani kupima kochi. Chet alikuja na nadharia kila asubuhi: maji ya kisima, moshi wa jiko, wivu.

"Wivu wa nani?"

"Sijui. Wewe fikiria, mimi nimeshakusaidia nusu."

Alipokwenda dunguni, kulungu dume mwenye pembe kama kiti cha kifalme alijitokeza hatua arobaini mbele yake. Vern aliinua bunduki, akaegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki, na shavu likawasha. Alijikuna mara moja tu, kidogo, kwa kidole kimoja. Kulungu aliinua kichwa, akamtazama mwindaji akijikuna, akaondoka zake taratibu bila hata heshima ya kukimbia.

Na katika siku hizo za mashaka, alipoona dunia nzima imemgeuka, kitu kimoja tu kilimpa faraja. Alikwenda gerejini, akafungua mfuko, akalitoa koti la baba yake. Ndani yake, chini ya harufu ya msitu, kulikuwa bado na tumbaku ya kiko cha Mzee Stefan. Alijifunika nalo hadi kidevuni, akakaa kwenye kiti cha basi kilichong'olewa, akamuuliza marehemu: "Nimekosea wapi, baba?" Marehemu hakujibu. Koti lilijibu, lakini siku mbili baadaye, kama desturi yake.

Ikafika Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo. Nje theluji ilikuwa imefunika uwanja. Marlena na wenzake walikuwa njiani. Bernadine alimwita mumewe chumba cha kushonea ili ampunguzie suti.

"Ya nini?" Vern aliuliza. "Suti ya kukaa benchi la nyuma haihitaji kupimwa."

"Vua shati. Na usimame kama mtu, umejikunja kama waya."

Alisimama mbele ya dirisha, kifua wazi, mikono imeinuliwa pembeni, kwa sura ya mtu anayejisalimisha. Bernadine alimzungushia futi shingoni. Akasita. Akaishusha futi kwenye kifundo cha mkono. Akasita tena. Alichukua miwani yake ya karibu.

"Geuka."

"Nini?"

"Geuka, Vern. Inua kidevu." Alikuwa na chaki ya kushonea mkononi, na bila kumgusa alianza kuifuatisha hewani, juu ya ngozi yake. Vipele vya shingoni vilishuka pande zote mbili vikakutana mbele kwa ncha. Vya mikononi vilianza ghafla, mstari ulionyooka kama uliopigwa na rula. Paji la uso lilikuwa na ukanda mmoja, upana wa vidole viwili, umezunguka mpaka kisogoni. Tumbo, mgongo na mapaja vilikuwa safi kama mtoto.

"Ugonjwa gani huu unaojua kushona?" alisema Bernadine polepole.

"Unasemaje?"

"Nimekata kola maisha yangu yote. Hii ni kola. Haya ni mapindo ya mikono. Huo kichwani ni ukingo wa kofia." Aliteremsha miwani. "Vern, wewe huumwi ugonjwa. Umevaliwa."

Vern alimtazama asielewe. Kisha akaelewa, na akatamani asingeelewa. "Si koti la baba."

"Liko wapi?"

"Si koti la baba, Bernadine. Nimelivaa miaka kumi na tisa!"

"Mwaka huu umelifanya nini?"

Walikwenda gerejini. Chet alikuwa pale, amekuja kuazima koleo la theluji ambalo tayari alikuwa amelishika. Bernadine alivaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, akafungua mfuko, akaumimina wote sakafuni. Koti, kofia, majani ya mwaloni, sindano za msonobari. Na vile vipande vyenye manyoya.

Chet aliweka koleo chini. Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake, hakuwa na utani.

"Vern. Hicho ulikitoa wapi?"

"Mtini. Ni kamba tu ya msituni. Haina jani hata moja!"

"Mama yako alikufundisha kanuni ya majani matatu?"

"Nani asiyeijua!"

"Akaishia hapo? Mama yangu alikuwa na nusu ya pili: kamba yenye manyoya, usiishike. Wakati wa baridi majani yanakwenda zake, Vern, lakini mmea haukwenda popote. Umelala tu. Shina, mizizi, hayo manyoya, vyote vina mafuta yaleyale. Na wewe..." Alimtazama rafiki yake kwa mshangao uliokaribia heshima. "Wewe uliukata, ukaukumbatia, ukaufungia mfukoni na nguo zako mwezi mzima, kama achari."

Kluski alikuja akanusa mlango, akamwona Vern, akakimbia.

Aibu ya mtu mzima hutafuta pa kutokea, na ya Vern ilitokea kama hasira. Aliunyakua mfuko, akavirudishia ndani vile vipande na majani, akalitupia na koti juu yake, akatoka nao moja kwa moja hadi kwenye pipa la kuchomea taka pembeni mwa uwanja. Alitupa kila kitu ndani. Akachomoa kiberiti.

"Miaka kumi na tisa!" alifoka. "Nimekutunza miaka kumi na tisa!"

Wakati huohuo gari la Marlena lilisimama barabarani. Alishuka na mtoto kifuani, akaanza kuja akiukata uwanja, na upepo ulikuwa unavuma kutoka kwenye pipa kumwelekea yeye.

"Vern, zima!" Chet alikuwa anakimbia, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akifanya hata enzi za posta na mbwa wakali. "Zima hicho! Moshi wake ni sumu tupu! Mjomba wangu aliuchoma pamoja na kuni, koo likavimba, alilala hospitali wiki mbili anapumua kwa mashine! Zima, mtoto huyo anakuja!"

Kijiti kilikuwa kinawaka kati ya vidole vya Vern. Aliangalia pipa, akaangalia uwanja. Aliona kofia ndogo ya kufuma kwenye kifua cha binti yake. Hakuwa na muda wa kupuliza. Alikifumbata kijiti kiganjani, moto na vyote, akakibana mpaka kikafa.

"Rudi ndani ya gari, mwanangu," alisema. "Rudi. Tumeshajua ni nini."

Kilichofuata kiliendeshwa na Bernadine kama jenerali. Vern aliogeshwa kwanza, kwa maji baridi na sabuni ya vyombo nyingi, maana maji ya moto hufungua ngozi na sabuni ya vyombo ndiyo iliyoumbwa kupambana na mafuta. "Sugua chini ya kucha! Suuza! Tena!" Meno yake yaligongana kama cherehani. Vile vipande vilifungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki vikatupwa, bila moto. Bunduki, mkanda wake, msumeno, usukani, kitasa cha gereji, vyote vilifutwa kwa spiriti. Kluski aliyezoea kulala kando ya mfuko aliogeshwa mara ya nne, safari hii kwa haki.

Likabaki koti. Lilikuwa limelazwa kwenye beseni kubwa uani.

"Maji ya moto ndiyo yangelisafisha haraka," alisema Bernadine, "lakini sufu itajikunja, limtoshe Stefan mdogo. Tutaliosha kwa ya vuguvugu, mara tatu." Akamnyooshea mumewe glavu. "Au nilioshe mimi?"

"Ni la baba yangu," alisema Vern. "Nitaliosha mimi."

Alivaa glavu. Alilishika koti mabegani, akaliinua, na bila kufikiri akaanza kulipeleka usoni, ili apate ile tumbaku mara ya mwisho.

"Vern." Bernadine alisema kwa sauti ndogo. "Usilinuse."

Alisimama hivyo muda, koti limening'inia mbele yake kama mtu anayeagwa. Kisha akalizamisha. Maji yakawa rangi ya chai, halafu rangi ya kahawa. Alikamua, akamwaga, akajaza tena. Tumbaku, damu ya kulungu, mvua za miaka mingapi, vyote vilishuka na maji kwenye theluji. Chet aliangalia upande mwingine, akakumbuka ghafla kwamba ana koleo la kurudisha.

Marlena alitoka barazani, simu sikioni. "Nimeongea na nesi wa kliniki. Anasema malengelenge yenyewe hayaambukizi, hata yakipasuka. Kinachoambukiza ni yale mafuta tu, kama yapo kwenye ngozi au nguo. Akishaoga vizuri na kuvaa nguo safi..."

"Ndiyo?" Vern alisimama, glavu zinachuruzika.

"Ndiyo kesho unambeba, baba."

"Na uso huu?"

"Uso huo," alisema Chet kutoka nyuma ya uzio, "mtoto atadhani ni sehemu ya ubatizo wa kumfukuza shetani."

Jumapili kanisa lilijaa. Duane wa Cleveland alikuja na soksi zake. Alimtazama Vern pale mlangoni, akatazama yale malengelenge, akasema, "Pole, kaka. Mimi nilikuwa nimejiandaa."

"Keti, Duane," alisema Vern, na akashangaa kwamba alilisema kwa upendo.

Marlena alimkabidhi mtoto. Vern alianza zile hatua alizozifanyia mazoezi miezi mingi. Katikati ya njia, Stefan mdogo alifumbua macho, akatazama pai ile ya cheri iliyokuwa juu yake, akanyoosha mkono akashika kola ya suti ya babu yake. Akaivuta. Akaitia mdomoni, akainyonya kwa bidii.

Miguu ya Vern ikasimama. Padri alimngoja kwenye maji, watu wakageuka, na Vern akamtafuta mkewe kwa macho kati ya benchi za mbele.

Bernadine aliinua vidole viwili: imefuliwa mara mbili.

Vern alivuta pumzi, akamwacha mjukuu ale kola yake kwa amani, akatembea hatua zilizobaki. Nyumbani, kwenye kamba ya kuanikia, koti la Mzee Stefan lilikuwa linaning'inia juani, safi, jepesi, lisilonuka kitu. Vern alikuwa ametuhumu sabuni, mbwa, kabichi na hata wivu wa watu, kumbe yule aliyemtafuta kila mahali, yeye mwenyewe alikuwa anamfunga vifungo kwa mikono yake. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.